Nilivyopanda Mlima na Ubao Kichwani

Vijana wa kikundi chetu cha Kihonda mmeniomba niandike nilivyoifanya kazi hii ya uigizaji tangu enzi ambazo nyinyi mnaziita za kale. Nimekubali kwa sababu sasa nimestaafu na muda ninao, na pia kwa sababu kila mnaposimulia habari zangu mnazikosea. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimwambia mgeni kwamba niliwahi kuanguka mlimani mbele ya kamera. Sikuanguka. Nani alipewa cheo gani na nani alilipwa nini nitayaacha, kwa sababu hayajawahi kumsaidia mtu kukumbuka maneno yake jukwaani.

Naitwa Skolastika, ingawa mjini wote wananiita Skola. Nilizaliwa juu ya Mkuyuni, kwenye vijiji ambavyo mvua ikinyesha hata mbuzi anashuka kwa tahadhari. Nilipomaliza darasa la saba nilikuja Morogoro mjini kwa mama yangu mdogo, na baada ya muda nikapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, idara ya kusokota nyuzi. Mashine zile zilikuwa na kelele kiasi kwamba mtu hakusikia hata kikohozi chake mwenyewe. Sisi wanawake tulizungumza kwa midomo, macho na mabega. Tuliteta, tulitaniana, tuligombana na kupatana bila sauti hata moja kutoka. Miaka mingi baadaye mwandishi mmoja wa gazeti aliniuliza nilisomea wapi kuigiza kwa uso. Nikamwambia, idara ya kusokota. Akacheka, akadhani namtania.

Kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha utamaduni, kama vilivyokuwa viwanda vingi wakati huo. Mazoezi yalifanyika kwenye bwalo la chakula baada ya zamu, huku harufu ya maharage ikiwa bado imo kwenye kuta. Mimi nilikwenda kumsubiri rafiki yangu aliyekuwa mcheza ngoma. Siku hiyo mwigizaji mmoja hakufika, na mama aliyekuwa anashona mavazi akanionyeshea kidole.

"Wewe binti, simama pale. Utakuwa jirani. Unabisha hodi, basi."

Nikasimama, nikavuta pumzi, nikapiga hodi ambayo nadhani ilisikika hadi stesheni ya treni. Bwalo zima likacheka. Yule mama hakucheka. Aliweka sindano yake kwenye kola ya gauni, akanisogelea.

"Mwanangu, hodi ni kuomba. Wewe umevunja mlango. Rudi nje, uombe."

Huyo ndiye Bi Mwajuma, na sijapata mwalimu mwingine wa kazi hii. Mchana alikuwa akipiga pasi vitambaa kiwandani, jioni anashona mavazi ya kikundi, na siku ya onyesho anasimama nyuma ya pazia akitukumbusha maneno kwa kunong'ona. Alikuwa hajui kusoma. Tamthilia nzima alikuwa nayo kichwani baada ya kusomewa, na mwigizaji akiruka sentensi yeye alijua kabla ya mwandishi.

Aliyonifundisha mengi yalikuwa mepesi kuyasema na mazito kuyafanya. Mikono ikikusumbua, alisema, ipe kazi: ichambue mchele, ikunje khanga, ikwangue muhogo, lakini kazi iwe ya kweli, mchele uwe mchafu kweli. Ukitaka kuonekana mzee usikunje mgongo, punguza haraka. Na wakati wenzako wanafanya mazoezi usikae karibu nao ukila karanga. Nenda ukakae benchi la mwisho kabisa, usikilize kama yule mtu aliyechelewa kuingia anaelewa kitu. Nywele tulizitia mvi kwa unga wa muhogo, jambo lililofaa sana mpaka utoke jasho, hapo uso unakuwa uji.

Tulizunguka mkoa kwa lori la kiwanda. Tukifika mahali tunashusha bodi za pembeni, lori lenyewe linakuwa jukwaa. Ngerengere tulicheza mbele ya askari na familia zao, nami nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu nikacheza mama mkwe katili anayemnyima mkamwana chakula. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka, nikaenda kununua nyanya. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha kijani. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Wewe sikuuzii," akasema. "Kampe kwanza yule mtoto wa watu chakula."

Nikamweleza kwamba ni mchezo. Akasema anajua ni mchezo, yeye si mjinga, lakini nyanya hataniuzia. Nikarudi kwenye lori mikono mitupu, nimefurahi kuliko siku niliyopigiwa makofi na mkuu wa mkoa.

Nilikuwa nimeshaolewa na Kaspari, mfanyakazi wa reli, mtu mpole asiyependa umati, wakati watu wa filamu walipokuja kutoka Dar es Salaam. Kiongozi wao alikuwa Ndugu Deo, kijana mrefu aliyesomea kazi hiyo ng'ambo na aliyekuwa akivuta sigara kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Alitazama onyesho letu mjini, akaja nyuma ya pazia kuniuliza kama ninaweza kuigiza mwalimu.

Filamu yake ilikuwa inamhusu binti anayetumwa kijiji cha mlimani kufundisha kisomo cha watu wazima. Wanaume wa pale hawataki kufundishwa kusoma na mtoto wa kike aliyekuja jana. Mwisho wanakubali. Ilikuwa hadithi ya wakati wake, na mwisho wake mwenyekiti wa kijiji alitoa hotuba ndefu ambayo hata mwigizaji wake alikuwa anasinzia akiisoma.

Siku ya kwanza mbele ya kamera nilifanya kila nilichofundishwa, na kila nilichofundishwa kilikuwa kikubwa mno. Ndugu Deo akaja polepole, akachuchumaa mbele yangu.

"Dada Skola, kamera haijakaa benchi la mwisho. Imekaa hapa nilipo mimi. Usiniletee. Niache nije mwenyewe."

Usiku nikamsimulia Bi Mwajuma, maana alikuja nasi kwa ajili ya mavazi. Akafikiri. "Basi fanya kama kiwandani," akasema. "Kama mnavyosengenya kwenye mashine, msimamizi asijue." Kesho yake nikafanya hivyo, na Ndugu Deo akasahau kuwasha sigara.

Tulipiga picha zaidi ya nusu ya filamu. Kisha mikanda ikaisha. Mkanda wa filamu ulitoka nje ya nchi, na ulikuja pale ulipokuja. Mvua nazo zikaanza, barabara ya mlimani ikawa tope, wenzetu wakafunga mizigo wakarudi Dar es Salaam, wakaahidi kurejea. Mimi nikarudi kwenye mashine yangu. Miezi ikapita. Nikapata mimba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wachache wenu mnalijua. Ilikuwa mimba yangu ya pili. Ya kwanza ilitoka, na mimi na Kaspari tulikuwa tumeisubiri hii ya pili bila hata kuitaja kwa jina lake. Tuliiita "ile safari." Nesi aliniambia inakwenda vizuri, nitembee, nile, nisibebe vitu vizito. Tumbo lilikuwa limeshaonekana wazi pale Ndugu Deo aliposhuka tena kutoka kwenye gari lao, mikanda mipya imefungwa kwenye blanketi kama mtoto.

Aliniona, akakaa chini kwenye ngazi ya bwalo. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Hongera, dada," akasema. Kisha: "Mwalimu wangu ni binti ambaye hajaolewa. Mkanda nilio nao hautoshi kurudia ya mwanzo na mtu mwingine. Nikikuondoa, filamu haipo. Nikikubakiza, haieleweki."

Wengine wakaanza kutoa mawazo. Nipigwe picha kuanzia shingoni kwenda juu. Nisimame nyuma ya meza. Nishike kapu mbele muda wote, kama mwanamke aliyezaliwa na kapu. Mmoja alisema kuna msichana Dar es Salaam anayefanana nami kwa mgongo, kwa hiyo mwalimu angemaliza filamu akiwa ametupa kisogo. Nilisikiliza nikihisi wananifuta kama maneno ubaoni. Ile kazi niliifanya kwa mwili wangu wote, na sasa mwili wangu ndio uliokuwa kosa.

"Ndugu Deo," nikasema, "katika hadithi, mwalimu amekaa kijijini muda gani?"

"Kama mwaka hivi."

"Mwaka mzima, na hakuna aliyemposa?"

Wakacheka. Bi Mwajuma hakucheka, alikuwa anapinda upindo wa suruali ya mwenyekiti wa kijiji.

"Kwani walimu hawaolewi?" akauliza bila kuinua kichwa. "Hawazai? Mimi ningemwona mwalimu ana mimba anapanda kuja kunifundisha a, e, i, o, u, ningeona aibu kubaki nyumbani. Hiyo hotuba yenu ya mwisho mngeitupa."

Ndugu Deo akamtazama, akanitazama mimi, akatazama tumbo langu kama mtu anayesoma. Akaomba karatasi.

Kumshawishi Ndugu Deo kulichukua jioni moja. Kumshawishi Kaspari ilikuwa kazi nyingine. Nilimweleza sehemu mpya ya mwisho: shule imehamishwa juu kwa sababu ya mafuriko, mwalimu anapanda na ubao kichwani, wanafunzi wake wazee wanamwona kutoka juu. Aliisugua taa yake ya reli kwa kitambaa ingawa ilikuwa imeshang'aa.

"Ukiipoteza hii," akasema, "mimi sijui nitakuwaje."

"Hata mimi sijui."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia ukweli niliokuwa nao. Kwamba mara ya kwanza nilijificha, sikubeba kitu, sikwenda popote, sikucheka kwa sauti, na bado ilitoka. Kwamba nimechoka kulibeba tumbo hili kama kitu cha kuiba. Kwamba nataka mtoto aonekane. Kaspari akaiweka taa chini.

"Ubao usiwe wa mbao," akasema.

Akautengeneza mwenyewe. Alichukua kipande cha silingibodi, ile ya dari, akakipaka rangi nyeusi, akakizungushia fremu ya miti myepesi. Kwa mbali ulikuwa ubao mzito wa shule, lakini ulikuwa mwepesi kama trei. Akaja nao mlimani, yeye mwenyewe, mtu asiyependa umati, pamoja na nesi kutoka zahanati ya jirani. Bi Mwajuma alinishonea gauni pana mabegani na jepesi, akaacha nafasi ya pumzi.

Mahali tulipopigia picha ni njia ya miguu juu ya Mkuyuni, mbali na kijiji chetu, yenye mawe, migomba kulia na bonde kushoto. Wanafunzi wa darasa walikuwa wakulima wa pale pale. Ndugu Deo aliwaeleza vizuri: kaeni juu, msimwone kwanza, nikishusha kitambaa hiki cheupe ndipo mnasimama na kushuka kumpokea. Walikubali. Mkanda uliobaki ulitosha kupanda mara moja.

Nikaanza kupanda. Nataka niwaeleze vizuri hapa, kwa sababu mnaniuliza mara nyingi nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria mawe. Weka mguu huu pale, hamisha uzito, pumua, mguu mwingine. Ubao ulikuwa mwepesi lakini upepo wa bondeni uliushika, ukataka kuuzungusha, nikainua mkono mmoja kuushikilia. Mkono wa pili nikauweka tumboni. Hakuna aliyeniambia niuweke pale. Mtoto alikuwa anacheza. Jasho likaingia machoni, sikulifuta. Kwenye kona yenye jiwe kubwa nikasimama, nikapumua, kwa sababu nilihitaji kupumua.

Mzee mmoja kati ya wale wakulima, jina lake Mzee Mloka, alikuwa ameambiwa asitazame chini. Akatazama. Akaona mjamzito na ubao kichwani, amesimama anahema, na watu wazima pembeni wenye mashine yao wanamtazama. Kitambaa cheupe kilikuwa bado juu. Mzee Mloka akashuka ile njia mbio, miguu peku, kwa lafudhi nene ya mlimani akipiga kelele, "We mama we! Lete hicho! Lete!"

Akaunyakua ubao, akajitwika mwenyewe. Kisha akageuka akaitazama kamera usoni, Ndugu Deo, mpiga picha, mtu wa sauti, Kaspari, wote, akasema kwa hasira ya kweli:

"Na nyie mnamwangalia tu?"

Wenzake waliokuwa juu walipomwona kashuka, nao wakashuka. Mmoja akachukua mfuko wangu wa chaki, mwingine akanipa fimbo yake. Tukapanda pamoja, ubao ukiwa mbele juu ya kichwa cha Mzee Mloka, mpaka mkanda ukaisha, kamera ikaanza kuzunguka tupu.

Ndugu Deo alikuwa bado ameinua kitambaa chake. Nesi alikuwa wa kwanza kufika kwangu, akanishika mkono, akasikiliza tumbo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kaspari alikuja nyuma yake. Alinifuta jasho kwa kofia yake ya reli, mbele za watu wote.

Ile sentensi ya Mzee Mloka ilibaki kwenye filamu. Hotuba ya mwenyekiti haikubaki. Mwanangu alizaliwa salama katika hospitali ya mjini, mvulana mwenye sauti ya kuvunja mlango, na Bi Mwajuma ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza tuliporudi nyumbani.

Filamu ilipoonyeshwa Morogoro, mama yangu alishuka kutoka mlimani pamoja na mjomba wangu, kaka yake mkubwa, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno kuhusu watoto wa dada yake. Nilikaa katikati yao, nikiwa na hofu kuliko siku ya mlima. Filamu ilipofika kwenye ile njia ya mawe, mama akanigeukia gizani.

"Skola. Hilo tumbo ni la kushonewa?"

"Si la kushonewa, mama."

"Uliniambia umepumzika."

"Nilipumzika baadaye."

Akanifinya paja kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikifinywa nikiwa mtoto kanisani, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho. Mzee Mloka alipogeuka akauliza swali lake, ukumbi mzima wa wanaume wa Morogoro ukanyamaza, kwa sababu kwenye kioo alikuwa anawatazama wao. Kisha kutoka mbele kabisa mwanamke mmoja akajibu kwa sauti, "Ndiyo kawaida yao!" Wakapiga makofi mpaka hatukusikia maneno yaliyofuata. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Nje, akiweka kofia yake sawa, alisema, "Umetembea vizuri." Nimepewa tuzo mbili tatu katika maisha yangu. Sikumbuki yaliyoandikwa juu yake.

Kwa miaka mingi baadaye wanawake wa mjini waliniita Mwalimu. Wa kiwandani walikwenda mbali zaidi, wakanidai darasa lenyewe. Nikawaambia mimi ni mwigizaji. Wakasema basi igiza unatufundisha. Tukaanza kwenye lile bwalo la maharage, baada ya zamu, na mwanafunzi wa kwanza kukaa benchi la mbele alikuwa Bi Mwajuma. Siku alipoandika jina lake mwenyewe kwenye lebo ya mavazi, alilitazama kwa muda, akasema, "Kumbe refu hivi." Ameshatangulia mbele za haki. Nina uhakika huko aliko kuna mtu anaambiwa arudi nje aombe vizuri.

Baadaye kiwanda kilisimama, kikundi kikatawanyika, lori likauzwa. Nilicheza michezo ya redio, ambako nilijifunza kwamba hata khanga ina sauti. Nikafundisha maigizo mashuleni, kwa watoto wa Kikristo na wa Kiislamu waliojifunza kugombana jukwaani ili wasigombane uwanjani. Zikaja kamera za video, filamu ikapigwa kwa wiki moja nyumbani kwa mtu, nami nikawa mama wa kila mtu, kisha bibi wa kila mtu. Sikuwahi kuidharau hata moja. Kuna nyingine zilistahili, lakini mtazamaji aliyelala njaa ili anunue ile kanda hakujua hivyo.

Kazi yangu ya mwisho mnaijua, tuliifanya pamoja hapa Kihonda, ile tamthilia ya televisheni ambamo bibi anafariki kabla hadithi haijafika katikati. Nilikuwa nimemaliza sehemu zangu zote. Neema, anayetuongoza, alinikuta nakunywa chai uani.

"Shikamoo bibi. Leo ndiyo siku yako ya mwisho. Sema unataka zawadi gani."

"Marahaba. Sijawahi kuisimamisha kamera kwa kusema 'kata,'" nikamjibu. "Miaka yote naambiwa. Nataka niseme mimi, mara moja tu."

Akacheka, akaniletea kiti, akakiweka mbele ya skrini yake ndogo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Aisha, mdogo kuliko wote kwenye kikundi, anayecheza mjukuu. Anaingia chumbani kwa marehemu, anakunja nguo zake, anafunga sanduku, anatoka. Kwenye karatasi ilikuwa mistari miwili tu.

Aisha akaingia. Akakunja vitenge, kimoja kimoja, akavipanga, akafunga sanduku. Nikafungua mdomo. Lakini hakutoka. Alisimama akilitazama sanduku, akalifungua tena, akatoa kitenge cha juu, akakikung'uta. Alikuwa amekikunja vibaya. Akakikunja upya, pembe kwa pembe, akikilainisha kwa kiganja, polepole, kisha akatazama mlangoni kama mtu anayengoja kuambiwa kama sasa ni sawa.

Hakuna aliyemwelekeza hivyo. Neema alikuwa ananitazama mimi. Mtu wa sauti naye alikuwa ananitazama. Nilimwinulia Neema kiganja: ngoja.

Aisha akatoa kitenge cha pili, akakikunja upya. Na cha tatu. Alipofika cha mwisho alikipakata tu, bila kukikunja, akakaa nacho kitandani. Machozi yalikuja yenyewe, hakuyaficha wala hakuyaonyesha. Baada ya muda wake akasimama, akakiweka juu ya vingine, akafunga sanduku, akatoka akirudishia mlango taratibu.

Nikasubiri mpaka nisikie hatua zake zimefika uani. Kisha nikasema, kwa sauti ndogo ili nisimshtue:

"Kata."